Athumani, Mwizi wa Video

Ninyi mnaobaki studio mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilipanga kuanza na kamera, maana ndiyo iliyonilea. Lakini wiki iliyopita Rehema, aliyerithi kiti changu cha kuhariri, alinionyesha kwenye simu maoni ya watazamaji wa ile filamu yetu ya zamani ya wizi wa ghala. Aliitoa kwenye kanda akaiweka mtandaoni kwa nia njema kabisa, na simlaumu. Nikavaa miwani nikasoma maoni hayo moja baada ya jingine mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

"Bajeti ya hii muvi ilikuwa sahani moja ya ubwabwa." "Mwizi anatetemeka kama simu iko vaibresheni." "Ghala la ghorofa tatu, jogoo kapandaje juu?" "Mwizi gani anakata bati na hina kwenye vidole?" Na mwingine, anayejiona mjanja kuliko wote: "Hapa aliyeibiwa ni mtazamaji."

Huyo wa ubwabwa amekosea. Zilikuwa sahani nyingi, na mke wa Mzee Lazaro alizipika siku zote tulizokuwa tukirekodi, akiwa na mimba ya miezi minane. Hayo mengine ni kweli. Jogoo yupo, mtetemeko upo na hina ipo. Ninachotaka mjue ni kilichompata mtu kwa sababu ya maoni ya watazamaji, wakati ambapo maoni hayakuandikwa kwa kidole bali yalifika mlangoni kwako kwa miguu.

Niliingia kazini bila kuomba kazi. Nilikwenda studio ya Mzee Lazaro, pale Mtanda, Lindi, kupiga picha ya pasipoti. Nikamkuta anabishana na mama mmoja mwenye harusi. Mama alitaka shughuli ya binti yake irekodiwe, lakini mwanamume asikanyage upande wa wanawake. Mzee Lazaro alikuwa Mmakonde Mkristo, mrefu, mpole, na kila mara alipokwama alikuna shingo. Alikuna, alikuna, kisha akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kigoda nikisubiri.

"Binti, unaitwa nani?"

"Somoe."

"Mkono wako unatetemeka?"

"Hapana."

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Akanitwisha kamera begani. Kamera za kanda zile zilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na kama mtoto, zilitaka kubembelezwa. Akanifundisha mambo matatu: hapa unawasha, hapa unavuta karibu, na taa hii nyekundu isipowaka jua unajisumbua. Alasiri hiyo hiyo nikarekodi harusi. Nusu ya kanda ilikuwa ya miguu ya watu na dari. Mama mwenye harusi akaipenda, akasema haijapata kuonekana dari nzuri kama ile. Picha yangu ya pasipoti haijapigwa mpaka leo.

Mzee Lazaro hakuwahi kunigombeza kwa picha mbaya. Alinigombeza kwa daftari. Kila kanda ilikuwa na ukurasa wake, na kila tukio liliandikwa na namba iliyosomeka kwenye deki, mashine ya kuchezea kanda, lilipoanzia: bibi harusi anaingia, namba fulani, keki, namba fulani. "Kichwa chako kitachoka kabla ya karatasi," alikuwa akisema. Alinifundisha pia kusafisha vichwa vya deki kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, kamwe si pamba, kwa sababu pamba huacha nyuzi. Kuhariri kulikuwa kuunganisha deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, na wewe umeshika kitufe pumzi ikiwa imekatika. Ukichelewa kidogo unarudia tangu mwanzo. Rehema, wewe ukikosea unabonyeza mara moja kosa linafutika. Mimi nilikuwa nalia.

Lakini jambo moja alilifanya vibaya, na nitalisema ingawa nampenda. Alirekodi juu ya kanda zilizokwisha kutumika. Kanda zilikuwa shida kupatikana huku kusini. Barabara ikikatika kwa mvua tulikaa wiki bila hata moja. Kwa hiyo kanda ghafi, zile tulizorekodia kwanza kabla ya kuhariri, tukishamaliza nazo zilipelekwa harusini upya.

Filamu ilianza kwa hamu yake tu. Alikuwa ametazama filamu nyingi za wizi akasema, "Hawa wanaiba kwenye miji yao. Kwani Lindi hakuna cha kuiba?" Akaandika hadithi ya watu watatu wanaovunja ghala la tajiri kupitia paani ili waibe kasha la dhahabu. Dhahabu tuliazima kwa mabibi harusi. Mitaa ya kukimbizana tulirekodi Kilwa Kivinje, kwenye zile nyumba za kale, na watu wa pale walitupisha, wakatuletea maji na viti.

Mwizi mkuu alikuwa Athumani, fundi cherehani aliyekuwa na baraza yake hatua chache kutoka studio. Alichaguliwa kwa sababu ya macho. Alikuwa na macho makubwa ya huzuni, na Mzee Lazaro alisema mwizi mwenye macho ya huzuni ni bora kuliko mwenye kovu. Hatukujua kwamba Athumani alianguka kutoka juu ya mnazi akiwa mdogo, na tangu siku hiyo hakuweza hata kupanda ngazi ya kubandika kalenda.

Tulijua siku ya tukio la paa. Tuligongomea mabati kwenye fremu ya mbao, tukayaweka juu ya meza mbili nyuma ya nyumba ya Mzee Lazaro. Mimi nikalala chini na kamera ili nyuma yake ionekane mbingu tupu. Hizo ndizo ghorofa tatu zenu. Athumani akapandishwa juu ya meza, akayakumbatia mabati, na hakuyaachia tena. Tukimwambia kata, hakati. Jogoo wa jirani akapanda juu, akamtazama, akashuka. Mwisho ikabidi nivae shati la Athumani, nichukue mkasi wa kukatia bati, na Mzee Lazaro arekodi mikono yangu kwa karibu. Mikono mnayoiona ikikata bati ni yangu. Hina ni ya harusi ya Jumapili iliyotangulia. Ndiyo, tuliiona. Hatukuwa na siku nyingine wala bati jingine.

Tuliionyesha kwanza Kilwa Masoko, kisha Lindi, alasiri za Jumamosi, kwa televisheni moja iliyowekwa juu ya kabati ili wa nyuma waone. Watazamaji wa wakati ule hawakumwona jogoo. Walipiga kelele, "Nyuma yako! Polisi wako nyuma yako!" Wazee walitoka wakijadili kama mwizi yule alistahili kusamehewa. Athumani hakuingia hata mara moja. Alisema anaona haya kujitazama akitetemeka. Alibaki barazani anashona, na watu wakipita walimwita, "Mwizi wa video, habari za kazi?" Naye alicheka.

Wiki chache baadaye duka la vitambaa la Mzee Kassimu liliibiwa. Lilikuwa jengo la ghorofa moja karibu na soko. Wezi walipanda paani usiku, wakakata bati pembe nne, wakashuka, wakaondoka na majora ya vitambaa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasafisha deki. Mwanamke muuza samaki akapita mlangoni akasema, "Da Somoe, mwizi wenu kakamatwa."

Nikacheka. Nilidhani anazungumzia filamu. Kicheko kile bado kinaniuma.

Nilipofika kwenye baraza ya Athumani, cherehani yake ilikuwa imetupwa mtaroni, magurudumu juu. Yeye amekaa chini, mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama mtu aliyeshika ndege. Walikuwa wameukanyaga. Vidole viwili vilikuwa vimeelekea upande ambao vidole havielekei.

"Amefanya nini?" niliuliza.

"Kaiba kwa Mzee Kassimu!"

"Nani kamwona?"

"Sisi sote! Tumemwona kwa macho yetu!"

"Mmemwona wapi?"

Kijibaba kimoja, mtu mzima mwenye mvi, akanijibu bila aibu hata chembe: "Kwenye video!"

Nikadhani wengine watamcheka. Hakuna aliyecheka. Mzee Kassimu mwenyewe alisimama hapo, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akahesabu hoja zake kwa utulivu. "Bati limekatwa pembe nne, vilevile alivyokata yeye. Kilichoibwa ni vitambaa, na yeye ni fundi cherehani. Mnataka nini tena?" Kwa muda wote niliomfahamu Mzee Kassimu alikuwa mtu wa heshima na sadaka. Siku hiyo alikuwa mtazamaji tu, na mtazamaji alishaamua.

Polisi walikuja wakamchukua Athumani, na nasema wazi kwamba walimwokoa. Hospitali walimfunga mkono, kisha akawekwa mahabusu. Afande aliyeshika kesi, bwana mmoja mzito aitwaye Gervas, alinisikiliza nikilia, kisha akasema, "Dada, mimi nataka ushahidi. Sitaki sinema."

"Afande," nikamwambia, "nitakuletea sinema."

Nilimaanisha kanda ghafi. Filamu iliyokamilika ilimwonyesha mwizi juu ya ghala. Kanda ghafi ilimwonyesha Athumani juu ya meza. Nikakimbia studio, na Mzee Lazaro aliponisikia alikaa chini taratibu, akakuna shingo.

"Zilikuwa tatu," alisema. "Nimezipeleka harusini."

Tukafungua daftari. Ya kwanza ilikuwa imefutwa yote na harusi ya Mitwero. Ya pili ilifutwa na maulidi. Ya tatu ilikuwa ya shughuli ya upande wa wanawake, hapa hapa Mtanda, na nilikuwa nimeirekodi mimi. Nikafuata mistari kwa kidole. Shughuli ile iliisha mapema kwa sababu mvua ilinyesha. Chini ya mstari wa mwisho nilikuwa nimeandika namba ilipoishia. Namba ya tukio la paa, kwenye ukurasa wa zamani, ilikuwa mbele yake, yaani halikufutwa. Kama mvua isingenyesha siku ile, Athumani angekwenda jela.

Tulipakia televisheni na deki kwenye mkokoteni, tukavisukuma mpaka kituoni. Nikaunganisha nyaya juu ya meza ya Afande Gervas. Halafu nikavua kanga yangu ya juu nikaifunika televisheni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Mwanzo wa kanda hii ni wanawake wako ndani, hawana ushungi, wanacheza. Nilimwahidi mama wa bibi harusi kwamba mwanamume hataona."

"Mimi ni polisi."

"Na mimi nimeahidi, Afande. Geukia dirishani kama huniamini."

Deki ile ilikuwa mbovu, haikupeleka kanda mbele kwa haraka bila kuikunja. Ikabidi tuicheze ilivyo. Afande Gervas akageukia dirishani, mikono nyuma, na kituo kizima kikajaa ngoma na vigelegele. Huko mahabusu watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nilitazama namba tu. Zilipofika, vigelegele vikakatika ghafla, akawika jogoo. Nikavuta kanga.

Athumani alikuwa amelala juu ya mabati, macho amefumba. Sauti ya Mzee Lazaro ilisikika: "Kata, mwanangu, kata!"

"Mzee, nishushe."

"Nikushushe wapi? Ni meza hiyo! Fumbua macho, Somoe amelala hapo chini, unaweza kumgusa kichwa!"

"Tangu ule mnazi siwezi, Mzee. Nishushe, nitatapika."

Kisha picha ikainama, maana mimi niliyeshika kamera nilianza kucheka, na yakaonekana yote: miguu ya meza, sufuria za mke wa Mzee Lazaro, jogoo, na Athumani akitimiza alichoahidi.

Afande Gervas alicheka mpaka akashika meza. Baadaye akaacha kucheka. Akaniambia nirudishe nyuma, akatazama tena, mara hii bila kucheka. Mimi nikaweka mikono yangu juu ya meza yake.

"Tazama filamu yenyewe, Afande. Mikono inayokata bati ina hina. Ni hii. Kama mnakamata watu kwa video, nikamateni mimi."

Athumani aliachiwa siku ile, alasiri. Wezi wenyewe hawakupatikana kamwe, na hilo ndilo lililommaliza. Watu hawakusema, "Tulikosea." Walisema, "Kaachiwa, unajua tena, ana watu wake." Hakuna aliyemlipa cherehani, hakuna aliyemwambia pole isipokuwa majirani wawili watatu. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Vidole havikupona vizuri, na mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Baada ya mfungo wa mwaka ule akahama na mkewe kwenda Sudi, kwa wakwe zake.

Mzee Lazaro aliifungia filamu kabatini, na hakutengeneza nyingine. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Nilitaka watu waamini. Waliamini." Aliendelea na harusi mpaka macho yalipomkataa, na alipofariki nikaendelea mimi. Kanda zikaja ndogo, zikaja kadi, zikaja hizo droni zenu zinazowatisha mabibi harusi na mbuzi. Nimerekodi mabinti, kisha mabinti zao. Sikurekodi tena juu ya kanda yoyote, ndiyo maana stoo yetu imejaa na ndiyo maana mnanilalamikia. Endeleeni kulalamika. Msifute kitu.

Sasa nirudi kwenye maoni. Vicheko vile, hata vikiniudhi, ningeviacha vipite. Vijana wanacheka, wakubwa tulicheka pia. Lakini chini kabisa kuna mtu ameandika: "Huyo mwizi mkuu alikuwa mwizi kweli. Aliiba duka la babu yangu Lindi, akakamatwa. Babu kafa anasema ni yeye." Na chini yake watu wameweka mioyo. Mmoja ameandika, "Kumbe ndo maana anaigiza vizuri." Kwa hiyo alipokuwa juu ya meza alikuwa mwigizaji mbovu, na alipozushiwa wizi akawa mwigizaji mzuri!

Nilimwambia Rehema aiondoe filamu mara moja. Rehema akaniuliza swali la haki: "Mwenyewe amesemaje, Bi Somoe?" Nilikuwa sijamwona Athumani kwa miaka mingi. Nikaona aibu. Kesho yake tukaenda Sudi, mimi na yeye na simu yake.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka uani, amekonda, ndevu nyeupe, anashona kofia kwa mkono. Amejifunza kushikilia kitambaa kwa goti. Rehema akamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanitazama kwa macho yale yale makubwa. "Somoe. Umekuja kunipandisha wapi tena?"

Nikamweleza. Akataka kuiona filamu, ile ambayo hakuwa ameitazama maisha yake yote. Binti yake akamshikia simu. Aliitazama mpaka ikaisha, na jogoo alipotokea aligonga goti lake kwa furaha, akamtaja na mwenye jogoo, jirani aliyekwisha kufa zamani. Kisha akataka asomewe maoni. Rehema akasoma ya ubwabwa, akacheka. Ya vaibresheni, akacheka zaidi. Rehema alipofika kwenye lile la chini akasita, akanitazama mimi.

"Soma," Athumani akasema. "Mimi si mgonjwa."

Akasoma. Athumani akaweka kofia chini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona mtu huyo mpole amekasirika. Sikumwona hivyo hata siku aliyokaa chini mbele ya baraza yake.

"Tutaiondoa leo hii," nikamwambia. "Sasa hivi, ukitaka."

"Mkiiondoa, hayo maneno yataondoka na vichwani mwao?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi iacheni. Pale angalau naonekana nikitetemeka." Akamgeukia Rehema. "Huyo mjukuu wa Kassimu, unaweza kumjibu?"

"Naweza, babu. Niseme nini?"

Alifikiri, vidole vile viwili vimelala juu ya goti. Rehema alikaa tayari, kidole juu ya simu. Mimi nilitegemea hotuba. Nilikuwa na ya kwangu tayari, ndefu, yenye polisi na daftari na laana kidogo.

"Andika hivi," Athumani akasema. "Mimi ndiye Athumani. Bado niko hai, nakaa Sudi. Njoo na ngazi."